Kikaratasi kwenye sanduku la maswali

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa kiume, nina miaka 9 kazini. Nafundisha Sayansi Darasa la Tano, wanafunzi 46, wengi wao wana miaka 10 hadi 12. Mwanzoni mwa muhula mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanikabidhi kijitabu chembamba na kusema, "Kipindi cha mahusiano na ujinsia nakuachia wewe. Wewe ni mtu wa sayansi." Aliyekuwa akikifundisha amehama. Semina sikupata, wala mtu wa kumuuliza. Walimu wenzangu wananiita "daktari" na kucheka.

Kipindi cha kwanza nilikiandaa mpaka usiku wa manane. Niliingia darasani nimevaa tai, jambo ambalo huwa silifanyi. Nikaandika ubaoni "Mabadiliko ya mwili". Mpaka hapo sawa. Nilipofika kwenye viungo, ulimi ukakwama. Neno la kitabuni lilinijia, nikaona kama nitawatukana watoto wa watu. Nikasema "sehemu za siri", kisha "zile sehemu", kisha nikawa naonyesha mchoro kwa rula bila kutamka kitu. Darasa zima likaangua kicheko. Mvulana mmoja wa nyuma akalitamka neno la mtaani lenyewe, wakazidi. Nikamtoa nje. Mpaka leo sijui nilimwadhibu kwa kosa gani, maana alichokitaja ndicho nilichokuwa nakionyesha kwa rula.

Wiki iliyofuata msichana mmoja alichafua sketi. Wavulana wawili wakamtungia wimbo papo hapo. Mimi nilisimama tu, chaki mkononi. Msichana alikimbilia chooni, kisha nyumbani, na hakurudi shule kwa siku 3.

Hapo ndipo wazazi walipowaka. Kwenye kundi lao la WhatsApp mmoja aliandika kwamba shule imeanza kuwafundisha watoto uhuni, ujumbe ukasambaa. Mwingine alikuja mwenyewe kuniuliza, mwanamume mzima nazungumza hedhi na binti yake kwa sababu gani. Mwalimu mkuu ameniambia "punguza makali". Makali yapi, hakusema.

Sasa nakuuliza: nitumie maneno gani? Niwatenganishe wavulana na wasichana? Mwanamume anafaa kufundisha haya, au nikatae? Wazazi niwaanzie wapi? Na kubwa zaidi, je, ni kweli tunawafumbua macho mapema? Naona haya kusema, lakini nina binti wa miaka 8 na sijamwambia lolote. Aliuliza watoto wanatoka wapi, mama yake akamwambia wananunuliwa hospitali, nami nikaitikia kwa kichwa.

Kuna na jambo moja dogo. Niliweka sanduku la maswali, boksi la viatu lenye tundu, waandike bila majina. Mengi ni ya kawaida: kwa nini sauti inakwaruza, mapacha wanatokeaje. Kikaratasi kimoja sikukielewa. Kimeandikwa: "kama mtu mkubwa amekwambia ni siri yenu wawili ukisema ni dhambi?" Nadhani mtoto alichanganya mada. Nimekitia mfukoni, leo siku ya nne. Nimeogopa kukisoma darasani na wazazi wako katika hali hii.

Nisaidie. Kufundisha siogopi. Nimekosa maneno.

Mwalimu Aliyekosa Maneno


Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Umejaza kurasa mbili kwa habari za tai, rula na wazazi, na kile kikaratasi ukakipa mistari michache mwishoni, ukakiita jambo dogo. Mimi naanza nacho. Siku barua yako ilipofika nilimwomba mhariri akutumie sehemu hii moja kwa moja, bila kungoja zamu ya kuchapishwa.

Mtoto huyo hakuchanganya mada. Huenda amekuelewa kuliko darasa zima. Inawezekana ni swali tu, kasikia mahali akataka kujua. Inawezekana si swali tu. Wewe huna namna ya kujua, na si kazi yako kupeleleza. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke 1 kati ya 5 anaeleza kuwa alidhulumiwa kingono alipokuwa mtoto. Wavulana nao hudhulumiwa, ila wao hunyamaza zaidi. Na mara nyingi mtendaji ni mtu anayefahamika kwa mtoto. Ndiyo maana neno "siri yetu" linafanya kazi. Mpita njia hana haja ya siri. Anayeihitaji ni yule atakayerudi kesho.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya kufika mwisho wa barua yangu ikibidi, kitoe hicho kikaratasi mfukoni. Mpelekee mwalimu wa ushauri nasaha, au yeyote aliyepewa jukumu la usalama wa watoto shuleni kwako. Kama hayupo, mwalimu mkuu. Na akikuambia tena upunguze makali, nenda kwa ofisa wa ustawi wa watoto wa eneo lenu. Usilinganishe mwandiko na madaftari. Usiulize darasani nani kaandika. Ukifanya hivyo hutaona kikaratasi kingine mwaka mzima.

Kisha kipindi kijacho, usingoje mada ifike, soma maswali matatu, hili liwe la katikati. Libadilishe maneno kidogo, useme tu kuna aliyeuliza kuhusu siri. Jibu lako liwe wazi kabisa: "Mtu akigusa sehemu za faragha za mwili wako, au akitaka umguse zake, au akakuonyesha picha au video za namna hiyo, kisha akasema usimwambie mtu, kusema si dhambi wala si kosa. Kosa ni lake. Ni lake hata kama ulinyamaza, hata kama alikupa zawadi, hata kama ni mtu unayempenda. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Asipokusikia, mwambie mwingine. Mimi saa ya mapumziko napatikana maktaba." Sema ukiwaangalia wote, usikazie macho mmoja. Halafu pita kwenye swali la mapacha kama kawaida. Mwenye kikaratasi atakuwa amesikia.

Akija, kaeni mahali watu wanawaona ila hawawasikii. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana utalazimika kuivunja ahadi hiyo, na ataweka hesabu kwamba watu wazima wote ni wale wale. Mwambie amefanya vyema kusema, na kwamba utatafuta wa kumsaidia. Sikiliza. Ukiuliza, uliza "ikawaje?", si "ni fulani, sivyo?" Akishaondoka andika maneno yake kama alivyoyasema, na majina ya kitoto aliyotumia, usiyasafishe. Siku hiyo hiyo toa taarifa. Usimwite aliyetajwa, wala usikimbilie nyumbani kwao kabla ya kujua nyumbani kuna nani. Kama jambo ni la karibuni, hospitali haingoji kikao cha walimu: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo inavyokuwa bora. Siku zako nne mfukoni ni saa 96. Sikusimangi. Nataka tu uione hesabu.

Sasa turudi kwenye ulimi wako uliokwama, kwa sababu mambo haya mawili ni jambo moja.

Ulipokosa neno ulikimbilia "sehemu za siri". Sote tumelelewa na msemo huo, nami niliutumia miaka mingi bila kuufikiri. Lakini usikilize kwa sikio la mtoto wa miaka 10. Mwalimu wake anasema hizi ni sehemu za siri. Mtu mbaya naye anamwambia hii ni siri yetu. Wote wawili wametumia neno moja, na siri, tangu yuko mdogo, tumemfundisha kwamba haitolewi. Halafu tunashangaa amekaa nayo miaka.

Lipo neno jingine, tumeliacha limelala: faragha. Ukiwa chooni uko faraghani, lakini kila mtu nyumbani anajua uko wapi. Faragha ni mlango unaoufunga mwenyewe na ufunguo unao. Siri ya aina ile, mwingine ndiye aliyefunga, na ufunguo kaondoka nao. Basi waambie wanafunzi wako kwamba sehemu hizi ni za faragha, na lolote linalozihusu linasemeka kwa mtu wa kuaminika. Wengine hupenda "sehemu nyeti". Si vibaya, ingawa mtoto unyeti hajui ni kitu gani. Kwa wadogo zaidi, "sehemu zinazofunikwa na nguo za ndani" inatosha.

Watoto watakuuliza, na zawadi tuliyomfichia dada je, hiyo si siri? Hilo ni swali zuri sana na ulingojee. Zawadi iliyofichwa ina siku yake ya kufunguliwa, na siku hiyo kila mtu atajua na kufurahi. Ile isiyo na siku ya kufunguliwa, inayomfanya mtoto aumwe tumbo akiikumbuka, hiyo ndiyo ya kwenda kusema.

Majina sasa. Uume. Uke. Korodani. Matiti. Mfuko wa uzazi. Jifungie chumbani uyatamke kwa sauti mara 20, mpaka yasikike kama goti na kiwiko. Sikutanii. Mimi nilifanya hivyo na mume wangu akadhani nazungumza na simu. Mtoto anayeweza kusema "amenigusa uke" anaeleweka kwa muuguzi, kwa polisi na kwa hakimu. Anayejua "pale" au "kidudu" anaweza kusema mara tatu kwa watu watatu na asieleweke na hata mmoja. Vivyo hivyo na "tendo la ndoa". Ni lugha ya staha na kwa watu wazima inafaa, lakini mtoto aliyetendewa ubaya na mtu asiye na ndoa yoyote naye, neno hilo atajiwekaje ndani yake?

Unaogopa utakuwa umetukana. Viungo havina tusi. Tusi ni namna neno linavyorushwa kwa mtu. Yule mvulana wa nyuma uliyemtoa nje alitumia neno la mtaani kwa kuwa ndilo pekee alilowahi kupewa, na wewe siku hiyo hukuwa na lingine la kumpa. Mwite, mwombe radhi, umpe la darasani. Najua kumwomba radhi mwanafunzi kunatuchoma walimu, lakini vijana wa kiti cha nyuma ukiwapata upande wako hulituliza darasa kuliko kengele.

Na kicheko kiache kiishe chenyewe. Nilipopata akili, nilikuwa nawaandikia majina yote ubaoni siku ya kwanza, tunayasoma kwa pamoja, kisha nawaambia: mna dakika moja ya kucheka, naanza kuhesabu. Hawakuwahi kuimaliza.

Nimesema nilipopata akili, maana kabla ya hapo sikuwa nayo, na hapa ndipo nijibu swali lako la kuwafumbua macho. Nilipoanza kazi nilikuwa hodari wa uzazi wa maua. Stameni, chavua, nyuki, wiki tatu nzima, na michoro ya rangi. Tukifika ukurasa wa binadamu nasema, "Huu mtausoma nyumbani," nafunga kitabu. Mwaka mmoja msichana wa darasa langu alishinda siku 2 amefunga sweta kiunoni, na joto lilikuwa kali. Nilipomuuliza alisema amejikata. Nilipombembeleza alilia, akasema anakufa, na akaniomba nisimwambie mama yake, kwa sababu aliamini ameugua kwa kosa fulani alilolifanya bila kujua. Mtihani wangu wa maua alikuwa amepata alama zote.

Balehe haina habari na ratiba ya shule. Kwa wasichana kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya 9 na 14. Tezi ndogo chini ya ubongo, ukubwa wake kama punje ya njegere, hupeleka homoni zinazoziamsha ovari au korodani, na mwili unaanza safari. Hedhi ya kwanza huja kama miaka 2 hivi baada ya matiti kuanza kuchomoza. Angalia darasa lako lenye watoto wa miaka 10 hadi 12, upige hesabu ni wangapi wameshaanza. Anayesema tungoje mpaka wamalize shule ya msingi anataka kumpa mtu mwavuli keshalowa.

Hao wanaosema elimu hii inawachochea, wana haki ya kuogopa, ila hofu yao imepimwa. UNESCO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitoa mwongozo wa elimu ya ujinsia mwaka 2009 na kuupitia upya mwaka 2018, na katika ushahidi waliokusanya, mafunzo haya hayakuonekana kuwaanzisha watoto ngono mapema. Baadhi ya programu ziliwachelewesha. Mwongozo wenyewe unaanzia miaka 5 hadi 8, kisha 9 hadi 12, na katika mada zake kuu 8 ya kwanza ni mahusiano: familia, urafiki, heshima. Uswidi wameyafanya masomo haya ya lazima shuleni tangu 1955, kwa hiyo hatuzungumzii kitu kilichozuka jana kwenye simu.

Kwa mtoto wa rika la wanafunzi wako, sehemu kubwa ya somo hili ni urafiki. Rafiki anayesema "ukicheza na fulani mimi basi" anafanya nini hapo? Ukisema sitaki kukumbatiwa na mgeni, umekosa adabu? Mchezo wa kuvuta sketi za wasichana uwanjani, kila mtu anacheka isipokuwa mmoja, bado ni mchezo? Anza na haya. Mtoto aliyejifunza kwamba "hapana" yake kuhusu penseli inaheshimiwa atakuwa na pa kusimama siku "hapana" yake itakapokuwa ya jambo zito.

Kuhusu kuwatenganisha: fundisha wote pamoja, kisha wape muda mfupi wa maswali kila kundi peke yake. Ukiwatenganisha tangu mwanzo, wavulana wanatoka wakiamini hedhi ni jambo la kufichwa na hivyo la kuchekesha, na wimbo ule utatungwa tena. Waeleze wale wavulana wawili, na darasa zima, ilivyo hasa. Kila mwezi ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hujiandaa, na mimba isipotunga hubomoka na kutoka. Huchukua siku 2 hadi 7. Damu inaonekana nyingi kwenye nguo lakini kwa siku zote hizo jumla yake ni kama kijiko kimoja hadi vitano vikubwa. Miaka ya mwanzo mzunguko haujatulia, unaweza kuwa wa siku 21 au ukafika 45, kwa hiyo msichana wa miaka 11 hawezi kujua tarehe yake kama anavyojua ratiba ya vipindi. Haikuwa uzembe wake. Wavulana wengi wakishajua hivi hunyamaza, na mmoja wao ndiye atakayeanza kutoa sweta lake.

Wavulana nao usiwasahau, tuna tabia hiyo. Wapo wanaoamka shuka limelowa wakadhani wamekojoa ukubwani, au wana ugonjwa. Waambie ni shahawa, hutoka usingizini wakati wa balehe, haina tiba kwa sababu si maradhi. Waambie uume unaweza kusimama katikati ya kipindi cha Hesabu bila kuwaza chochote. Na waambie hili ambalo karibu hakuna anayewaambia: wavulana wengi, hadi nusu yao, huvimba kidogo nyuma ya chuchu katika umri huo, na kwa kawaida hupungua ndani ya miaka 2. Nimemjua mvulana aliyekataa kuogelea mwaka mzima kwa ajili ya hilo.

Wewe ni mwanamume na unafaa. Ukikataa, watoto wote 46 watajifunza kwamba wanaume hawahusiki na mambo haya, na tayari wanaojua hivyo ni wengi mno. Lakini mwombe mwalimu wa kike awepo kipindi cha maswali ya wasichana, na wewe usibaki na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, kwa ajili yake na kwa ajili yako. Kabatini weka pedi, sabuni na nguo za ndani safi, na kila msichana ajue anaweza kwenda bila kuomba kwa kueleza sababu. Yule aliyechafua sketi, mwache mwalimu wa kike amwendee kimya kimya. Usimtaje darasani hata kwa nia njema.

Kuna maswali yatakayokutoa jasho. "Mwalimu, wewe umeshafanya?" Wala usikasirike, umepewa somo la bure. Jibu: "Hilo ni faragha yangu, na wewe una yako." Weka sharti mapema kwamba hakuna anayesimulia habari zake wala za jirani mbele ya darasa, anayetaka kusimulia yake atakuja pembeni. Swali usilolijua, sema utalijibu kesho, na kesho ulijibu. Lililozidi umri wao, anza kwa kuuliza, "Wewe umesikiaje?" Mara nyingi mtoto anataka kitu kidogo kuliko ulivyodhani. Na wakikuandikia kwamba wameona video za ngono kwenye simu, usitafute wa kuadhibu. Waambie zile ni maigizo ya watu wazima, hazimfundishi mtu kupendana, na anayewatumia au kuwataka wapige picha za miili yao ndiye mwenye kesi.

Wazazi sasa. Usijibu kitu kwenye WhatsApp, hata sentensi moja. Pale kila neno litakatwa na kubandikwa kwingine. Omba mkutano, waje na kijitabu chako mkononi mwao, si kwenye mdomo wa mtu. Waonyeshe kurasa zote na uwaambie pia yasiyomo. Wengi wanadhani "ujinsia" maana yake ni kufundisha kufanya. Wape mfano: huko England, tangu Septemba 2020 somo la mahusiano ni la lazima shule za msingi, ila elimu ya ngono, nje ya ile iliyomo kwenye sayansi, shule ya msingi hailazimishwi kuitoa, na mzazi anaweza kuomba mwanawe asiwemo. Mambo mawili tofauti, na wengi watakubaliana na la kwanza ukilitaja peke yake.

Mimi nilikuwa nawagawia wazazi karatasi tupu kabla sijasema neno. Kila mmoja aandike, bila jina, mambo haya aliyajua akiwa na umri gani na nani alimwambia. Tunazikusanya, mzazi mmoja anazisoma kwa sauti. Nilikuwa nakaa kimya nyuma. Baada ya kumi hivi za "nilijua siku yenyewe" na "niliambiwa na wakubwa zangu bwenini, yote uongo", mkutano ulikuwa unaniuliza nitaanza lini. Yule baba aliyekujia mwenyewe, mwalike kwa jina. Mtu aliyekuja mpaka shuleni kwa ajili ya binti yake si adui yako, ni mzazi wa kwanza uliyempata. Na maswali ya sanduku ukitaka kuwasomea, chagua ya sauti na mapacha. Lile jingine si la mkutano.

Binti yako wa miaka 8 aliuliza swali, akapewa hospitali yenye rafu za watoto. Mrudie leo, ukiwa na mama yake. Mwambie mlimjibu vibaya. Mtoto hukua ndani ya mfuko wa uzazi, ulio tumboni mwa mama, kisha huzaliwa kupitia uke, au daktari humpasua mama akamtoa. Akiuliza aliingiaje, mwambie inahitajika mbegu ya mwanamume na yai la mwanamke. Asipouliza zaidi, nyamaza. Ataondoka kwenda kucheza na wewe utabaki umeketi hapo umelowa jasho, tai hujavaa.

Sanduku liendelee. Ila badilisha jambo moja: kila kipindi watoto wote 46 waandike na watumbukize, asiye na swali aandike "sina swali", ili anayeandika kweli asionekane akiandika. Lifungue kila siku, si kila wiki. Na tafadhali usilihamishe kutoka mahali lilipo. Mwenye kikaratasi amezoea kulikuta hapo.